Namba moja imebadilika leo

Mvua ya Moshi imetufungia ndani jioni hii, basi tumerudia The Twilight Zone, ile tamthilia ya runinga ya Rod Serling iliyoanza 1959, kila kipindi na hadithi yake.

Siku zote kwangu, kati ya vipindi vyake, iliongoza Time Enough at Last: mpenda vitabu, dunia imekwisha, miwani inavunjika.

Leo imeshuka ya pili.

Inaongoza Eye of the Beholder, ya 1960. Mgonjwa kafungwa bendeji uso mzima. Tazameni kamera: karibu kipindi chote hamuoni sura ya daktari wala nesi. Mgongo, mikono, kivuli. Unadhani ni mbwembwe za picha nyeusi na nyeupe, kumbe siri imefichwa humo humo.

Bendeji zikaanza kufunguliwa, mzunguko mmoja mmoja... sebule kimya, chai inapoa.

Zimeni taa, na mwangaza wa runinga msiupandishe. Vivuli vikigeuka kijivu, ujanja wote umekufa.

Msimu wa nne nauruka. Walivuta vipindi kutoka nusu saa hadi saa nzima, na hadithi ya kushtukiza haivutiki hivyo.

Yenu ipi? Kuna mtu hapa anang'ang'ania kile cha mwigizaji William Shatner na lile dubwana kwenye bawa la ndege. Nimemkatalia.