Pambo tu

Tangu Jumatatu hadi leo Alhamisi neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Na wala sikutukanwa. Neno lenyewe nimelisema mimi.

Mzee wa Rangi mnamjua, nimeshamsimulia hapa: kachapa picha kwa vibao vya mbao vilivyochongwa miaka 40, sasa anakuja ofisini kwetu mara mbili kwa mwezi kuangalia tusije tukaiaibisha kazi yao. Jumatatu nilimfungulia skrini zote za mchezo wetu wa msafiri wa Tōkaidō, njia ya kale yenye vituo 53 kutoka Edo (Tokyo ya leo) mpaka hapa Kyoto, ileile aliyoichora msanii Hiroshige miaka ya 1830. (Tangu mchezo wa Ōkami utoke mwaka 2006, kila anayetaka mchezo wenye sura ya Kijapani anakimbilia brashi na wino. Sisi tukasema twende na mbao.)

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Uhai wa msafiri sikuuwekea namba wala kile kipande cha kijani, niliuweka angani: ule mstari wa buluu ulio juu kabisa ya picha, umekolea ukingoni, unafifia unashuka, mpaka inabaki karatasi tupu. Wenyewe wanaita bokashi. Mchapaji analowesha ubao, anatia rangi upande mmoja, anaivuta kwa brashi iyeyukie kwenye maji, na kila karatasi inataka afanye upya. Msafiri wetu akichoka, buluu inapungua. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Kichwa cha Mzee kikiitikia ni sawa na mshahara kuingia mapema.

Halafu akafika kwenye muhuri.

"Saruma-san," (L haina makazi kwao, nimeshazoea) "huu ni wa nini?"

"Wa kusevu, sensei. Ukibonyeza unagongwa, ta!"

"Umeandikwa nini?"

"Ni pambo tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Pambo," akasema. Kisha akaniomba nifungue skrini inayofuata.

Basi, hakuongeza neno. Angeongeza ningelala. Nimeyarudia mazungumzo hayo nikiosha vyombo, nikisuka nywele za Zuu, nikiwa katikati ya rakaa, Mungu anisamehe. Kuna safari nasema, "Sijui, sensei, nifundishe." Kuna safari nakuwa mjuaji, namjibu kwamba hata buluu yao hiyo ni bero-ai, buluu ya Berlin, ilikuja kwa meli kutoka kwa watu, mbona haikuulizwa ilikotoka? Hiyo ndiyo naipenda zaidi, na ndiyo ya kijinga zaidi.

Maana usiku ule niliutafuta muhuri wenyewe. Ni wa mviringo, mdogo, uko pembeni kwenye chapa nyingi za enzi zile, nami niliunyofoa kwa sababu ya umbo, nikaupaka wekundu. Unaitwa kiwame. Kuanzia mwaka 1790 serikali ya Edo ilitaka kila chapa ipite kwa mkaguzi kabla haijauzwa, na hiyo ndiyo alama yake: imekaguliwa. Mwenzenu nimechukua rungu la mkaguzi nikalifanya kitufe! Vijana wa ofisini herufi ile wanaisoma vizuri, ila kwao siku hizi maana yake ni upeo, wakaona dada kabuni kitu kikali.

Na mimi ndiye niliyecheka mpaka nikakaa chini kule Pangani, yule mgeni alipotokea kwenye chai ya asubuhi kajifunga kanga ya kumsuta mke mwenza. Nilimuuliza kama anajua imeandikwa nini. Akasema kapenda maua yake.

(Wiki hiihii tumehama nyumba, Baba Zuu kaongezewa mkataba, na mchezo umepata meza kwenye BitSummit, maonyesho ya michezo. Nitaandika.)

Leo nimemfuata Mzee karakanani kwake, na peremende za maharage mekundu mkononi. Utetezi nilikuwa nao tayari: msafiri wetu anapita kizuizi cha Hakone, ambako wasafiri walikaguliwa vibali, kwa hiyo muhuri wa ukaguzi unafaa pale, si ndiyo? Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huo ulikuwa wa picha," akasema. "Haukuwa wa watu."

Kisha akacheka. Sijawahi kuyaona meno yake. Akatoa kibao cha mti wa mcheri, cheusi kwa wino, akaniambia nipapase kona ya chini, kulia. Nje ya mchoro kabisa kuna mchongo mdogo, kama herufi L. Kumbe L wanayo! Unaitwa kento. Kona ya karatasi inakaa hapo, unaisukuma kwa dole gumba mpaka ikwame, na kila kibao cha kila rangi kina mchongo huohuo mahali palepale, ndiyo maana buluu ya anga haimwagikii usoni kwa msafiri. Mnunuzi haioni kento maisha yake yote.

"Hii," Mzee akasema, "haikuandikwa kitu."

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa nimeshika simu mkono mmoja, nikaona dole gumba langu la kulia liko wapi. Kona ya chini, kulia! Nimesahau kushuka kituo changu, nikarudi kwa miguu nacheka peke yangu. Sasa hivi ni saa sita usiku na kitufe cha kusevu ni mikato miwili inayokutana, haina wekundu wala herufi. Mzee ataiona wiki ijayo kama si ile ya pili.

Nilimpigia Mama nimhadithie. Kakohoa mara tatu kabla sijafika kwenye peremende. Vumbi tu, anasema. Na Da Mwanahamisi ameniandikia kwamba Tanga mvua haijakatika tangu Ijumaa.