Kidole Kilichorudi Nyuma

Jana baada ya magharibi binti yangu alikuwa sebuleni akilinganisha nyuzi za fidla kwa programu ya simu. Noti ikikaa sawa taa inawaka kijani, ikikosea inawaka nyekundu. Akaniomba nipige kidogo anipime. Nikapiga, nikafika mahali, taa ikawa nyekundu na haikubadilika.

"Baba, hapo umetoka."

Sikumjibu. Noti ile naijua nilikoipoteza na nilikoiokota.

Mwaka ule nilipokuwa Aberdeen, Uskoti, kabla sijarudi nyumbani, nilipanda meli ya usiku kwenda Lerwick, kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Ilikuwa Juni, jua linazama saa nne na nusu usiku na giza halifungi. Nilikofikia, mwenye nyumba alikuwa mzee aliyevua samaki maisha yake yote. Tulikaa jikoni, moto ukiwaka kwa ule udongo mweusi wa bwawani wanaoukata, wakaukausha, ndio kuni zao.

Akaichukua fidla yangu, niliyoifunga kama nilivyofundishwa, nyuzi nne kuanzia nene hadi nyembamba: G, D, A, E. Hakuniuliza. Akakaza nyuzi mbili nene, G ikapanda hadi A, D ikapanda hadi E, nyembamba hakuzigusa. Alipopitisha upinde, sikuitambua fidla yangu mwenyewe. Ukibonyeza uzi mmoja, jirani yake anaitika. Zumari ya mifuko ya Waskoti hushikilia A chini bila kukoma, wimbo ukatembea juu yake, na fidla ikifungwa A-E-A-E inapata kitu kama hicho cha kuegemea. Fidla za Norway nazo zina tabia ya kuacha uzi wa pembeni uimbe, na Shetland ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark na Norway hadi 1469.

Wimbo alioupiga nilikuwa naujua, nilijifunza kwenye karatasi. Karatasi ilisema C yenye shapu, yaani iliyopandishwa nusu sauti. Mzee alipofika pale, kidole chake hakikwenda kwenye shapu wala hakikukaa kwenye C ya kawaida. Kilitua katikati, kikatulia, na uzi wa A ukilia wazi pembeni. Nikadhani ni uzee, vidole vimekakamaa. Wimbo ukazunguka, kidole kikarudi pale pale. Ukazunguka tena. Mkono unaokosea haurudi mahali pamoja mara tatu.

Hapo nywele zikanisimama. Nilimsikia mjomba.

Mjomba, klabuni Ng'ambo, Unguja, akipiga maqamu ya rasti, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ile hatua ya tatu isiyo juu wala chini. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nayo bila kufundishwa. Kisha akaja mwalimu aliyebandika vipande vya utepe mweupe kwenye shingo ya fidla, akaniambia nisiweke kidole nje ya utepe. Miaka miwili. Siku mjomba aliponisikia tena hakunilaumu, aliniuliza tu ni nani anayenifundisha.

Sisemi rasti na wimbo wa Shetland ni kitu kimoja. Kila kimoja kina njia yake. Lakini piano imeikata oktavu, yaani safari ya kutoka noti moja hadi nyingine ya jina lile lile juu yake, vipande 12 vilivyo sawa, simu inaifuata piano, na shingo ya fidla haina vipande.

Mzee akanirudishia fidla. Nikapiga, kidole kikaenda kwenye utepe, ingawa utepe wenyewe ulishabanduliwa zamani. Akainuka, akakishika kidole changu, akakivuta nyuma kwa upana wa punje ya mchele. Nikapitisha upinde. Fidla ikatetema kwenye taya langu, na sikutaka kukiondoa kidole.

Nilikuwa nimepanga nikirudi nimpigie mjomba. Sikumkuta.

Binti yangu ana mtihani Novemba, na watahini wanataka noti zinazowasha kijani. Aliponiuliza apige ipi, nilimwambia afuate taa kwanza. Nimelala nikijiuliza kama mwalimu wangu naye alijiambia hivyo hivyo, kwamba ni kwanza tu.

Usiku, wote walipolala, niliichukua fidla yake nikapandisha zile nyuzi mbili nene, nikapiga polepole jikoni mlango ukiwa umefungwa. Alfajiri nikazirudisha kabla hajaamka.