Plasta

Usiku huu mawazo yamenikwama kwenye plasta, ile nyeupe ya kushikizia mpira wa dripu. Kichanga aliyezaliwa na epidemolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi itoke malengelenge na kubanduka kwa kuguswa tu, ukiibandua, inatoka na ngozi yake. Kama imeshabandikwa, usiivute. Ilowanishe kwa mafuta ya mgando mpaka ilegee yenyewe. Dripu ishikizwe kwa bandeji laini, na jina la mtoto liwekwe kitandani, si kwenye mkanda wa mkononi.

Kinachoniuma ni kwamba madhara mengi ya siku za mwanzo huletwa na mikono yenye nia njema. Tumezoea kuambiwa lengelenge la moto lisitobolewe. La mtoto huyu hutobolewa, maana tabaka za ngozi yake hazikushikana, na maji yakibaki ndani yanazidi kuzibandua pembeni. Sindano safi ipite ubavuni, sehemu ya chini kabisa, ikilala sambamba na ngozi; kandamiza taratibu maji yatoke. Ngozi ya juu iache hapo hapo, ndiyo kifuniko bora cha kidonda.

Malengelenge ya viganja na nyayo kwa mtoto mchanga yanaweza pia kuwa kaswende aliyozaliwa nayo, kwa hiyo apimwe hiyo na maambukizi mengine kwanza, kwani yana dawa na hayasubiri. Kisha kipande cha ngozi kikatwe, kipimwe kujua ni aina gani ya ugonjwa huu. Ukikata lengelenge la juzi, limeshaanza kupona chini yake na jibu litapotosha. Sugua mahali pasipo na lengelenge kwa kifutio cha penseli, subiri dakika chache, ukate ukingo wa mwachano mpya. Kipande cha kupima protini kisitiwe kwenye fomalini, kiwekwe kwenye maji ya Michel, yanayohifadhi protini zisiharibike. Mwachano ukiwa juu, ndani ya tabaka la juu la ngozi, kwenye seli zinazoimarishwa na protini ya keratini, kwa kawaida hapabaki kovu. Ukiwa chini, kwenye kolajeni 7, protini inayoshikiza tabaka za ngozi, makovu hubaki na vidole huweza kushikana. Ndiyo maana kila kidole hufungwa peke yake.

Maji matupu huchoma kidonda. Gramu 9 za chumvi kwa kila lita hupunguza maumivu ya kuoga.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha Vyjuvek, jeli inayopeleka jeni ya kolajeni 7 kidondani, matone mara moja kwa wiki. Bei yake haishikiki. Bandeji isiyonata, yenye silikoni, ndiyo ningetaka iwepo kila wodi ya wazazi, pamoja na mtu anayejua kuwa mtoto huyu hanyanyuliwi kwapani: mkono mmoja matakoni, mwingine nyuma ya shingo, juu ya godoro laini.