Siku moja maishani mwangu: "moja tu" iliyokwama kwenye mtutu

Saa moja na nusu asubuhi nafungua karakana, na jua ndiyo kwanza linajikongoja. Novemba ya Birmingham haina huruma kwa mtoto wa Tanga: koti, sweta, fulana mbili, na vidole bado vinauma. Mtaa wetu uko karibu na kanisa kuu la St Chad's, mtaa wa zamani wa mafundi bunduki. Enzi hizo yalitoka hapa magobore kwa maelfu kwenda Afrika Magharibi. Leo karakana nyingi zimegeuzwa fleti, tumebaki wachache.

Mimi nashughulika na bunduki za upepo tu, zile za springi na za mtungi wa hewa. Hazina baruti, lakini kila inayoingia mlangoni naihesabu kuwa ina risasi mpaka nihakikishe kwa macho yangu.

Saa mbili na robo. Chai ya rangi, kisha bunduki ya mtungi inayovuja. Oringi moja, ile pete ya mpira ya kuzuia hewa isitoke, dakika arobaini, imekwisha.

Saa tatu anaingia mzee wa makamo na mfuko mrefu begani. Mwishoni mwa wiki alikuwa akipiga makopo bustanini na mjukuu wake. "Haitoi kitu," anasema. Namuuliza kama kuna risasi imekwama. Anatazama dari kidogo. "Moja tu."

Wote hukwamisha moja tu. Sijawahi kumpata mteja wa mbili. Namwambia apite jioni.

Saa nne. Hii ni ya springi, ya kukunja mtutu, kipenyo cha milimita 4.5. Naikunja nusu nichungulie chumba cha risasi, nahakikisha haijakokwa, kisha natoa kitako na kuchomoa bolti ya bawaba ili mtutu ubaki peke yake. Kuna watu huanza kuchokoa mtutu ukiwa bado umeshikana na bunduki iliyokokwa. Springi ikifyatuka, mtutu unarudi kama mtego wa panya, na vidole havioti tena.

Mtutu nauweka kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya mbao laini. Sasa kupima, na hapa ndipo uongo wa mteja unapojulikana. Naingiza ufito wa shaba ya manjano kutokea mdomoni mpaka ugote, natia alama: milimita 284. Naingiza upande wa nyuma: 90. Mtutu mzima ni 400. Toa hesabu, zinabaki 26. Risasi ya aina hii ina urefu wa milimita sita hivi, saba kasoro. Hiyo si moja, mzee wangu. Hizo ni nne.

Naona kabisa ilivyokuwa. Ya kwanza imekwama, mtu akasema nyingine itaisukuma. Ya pili ikaja kukaa nyuma ya ya kwanza, ya tatu nyuma ya pili, kama abiria wa daladala.

Kizibo kiko karibu na nyuma, kwa hiyo nasukuma kutoka mdomoni kurudi nyuma, safari ya sentimita tisa tu. Tena mitutu mingi imebanwa kidogo kuelekea mdomoni. Ukisukuma kwenda mbele unaipeleka risasi kwenye uchochoro mwembamba zaidi. Mdomoni naweka kwanza kola ya plastiki ili ufito usikwaruze ule ukingo, kwa sababu ukingo ukipata kovu, bunduki haipigi tena unapolenga. Ufito wenyewe lazima uwe wa shaba, si chuma, na ncha yake iwe bapa.

Kuhusu ncha, Kiswahili kimeshanifundisha. Risasi ni jina la hicho kitu na ni jina la madini yenyewe, yale laini ya kutafunika na jino. Ukiyachoma kwa kitu chenye ncha yanatanuka, yanajaza misokoto ya ndani ya mtutu na kukaza zaidi. Ncha bapa inasukuma bila kupasua. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia kipande cha mpini wa ufagio. Kilipasuka mshazari humo ndani, nikawa na vizibo viwili, na bosi hakusema neno siku nzima. Afadhali angenitukana.

Natia matone ya mafuta pande zote mbili, nasubiri, kisha nagonga kwa nyundo ya plastiki, polepole. Tk, tk, tk. Sauti ikibadilika ndipo unajua kitu kimesogea. Saa tano na nusu imetoka moja, ya nne kwa kuingia. Kisha nyingine, na nyingine. Ya mwisho imegoma. Naongeza mafuta, naiacha.

Saa sita na nusu mchana, Tanga ni saa tisa na nusu. Simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Ndiyo nakula."

"Leo umetengeneza magobore mangapi?"

"Mama, hizi za kupigia makopo."

"Bunduki ni bunduki."

Sheria ya huku inakubaliana naye kwa kiasi: chini ya miaka 18 huuziwi hata hii ya makopo, na Scotland tangu 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti.

Saa nane ile iliyogoma inaachia. Naiokota kwa koleo, naitazama chini ya taa, naiweka kando kwenye karatasi nyeupe.

Kilichobaki ni kusafisha. Mafuta yote lazima yatoke. Katika bunduki ya springi pistoni inaikandamiza hewa kwa nguvu, joto linapanda, na mafuta yaliyobaki yanawaka kama kwenye injini ya dizeli: moshi, kishindo, na springi inaumia. Napitisha vitambaa mpaka vitoke vyeupe, kisha nasukuma risasi mpya kwa mkono, taratibu, nikisikiliza kwa vidole kama kuna mahali inakwaruza. Hakuna.

Chanzo nakikuta kwenye kiungo cha mtutu na bunduki: oringi imekauka na kupasuka, nusu ya upepo ilikuwa inatokea pembeni. Naweka mpya, naunga, nafyatua kwenye kipima mwendo. Mita 232 kwa sekunde, risasi ya gramu 0.54, yaani nguvu ya jouli 14.5. Kikomo cha hapa kwa bunduki isiyo na cheti ni 16.27. Vizuri.

Saa kumi na robo jua limeshazama. Jioni gani hii.

Saa kumi na nusu mzee anarudi. Namwonyesha karatasi. Risasi nne zimepangwa kwa zamu ya kutoka, na ile ya mwisho, yaani ya kwanza kukwama, ina tundu safi katikati ya kichwa, jembamba, refu, mbavu zake zimetanuka.

"Kijiti cha mishikaki?" nikauliza.

Akaisogeza ile risasi kwa ukucha mpaka ukingoni mwa karatasi. "Cha chuma," akasema. Kisha akauliza bei.