Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa sheria, Wete mpaka Kojani

Saa 11 alfajiri: sala, jiko, watoto wa skuli, chai na boflo. Saa 1 na nusu niko ofisini Wete, Pemba, kwenye shirika letu la msaada wa kisheria: chumba kimoja juu ya duka la misumari, meza mbili na feni inayozunguka ikitaka. Mtaani wanatuita wala pesa za wazungu. Jirani aliwahi kuniuliza gari letu tunalificha wapi. Nilimwambia hilo hapo linapita, daladala namba 606.

Mimi si wakili, na mahakamani sisimami kumtetea mtu. Kazi yangu ni kumsikiliza mwenye shida, kumwandikia madai yake na kufuatana naye kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), ustawi wa jamii, au kwa kadhi. Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2018, lakini sheria hailipi nauli. Nauli yetu inatoka Ulaya, kwa mradi wa miaka mitatu, na huu ndio mwaka wa tatu.

Saa 3 niko ufukweni nangojea mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Kojani.

Wanaume wa Kojani wanajulikana kwa dago: wanafunga virago wakavue pwani za mbali, wakae kambini miezi. Wengi wanaleta matumizi nyumbani. Wapo wasioleta. Mama niliyemfuata leo, wa kwake hajaleta kitu miezi saba sasa, na watoto wanne wanataka kula. Kadhi anaweza kuamuru matunzo, ila kwanza samansi, ile hati ya kuitwa mahakamani, imfikie mume, na mume leo yuko kambi hii, kesho ile. Kesi imeshaahirishwa mara tatu. Andiko la mradi wetu linaanza na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985. Huyu mama hakungojea mkataba kujua kuwa mume anamlisha mkewe. Hilo kalisoma chuo cha Kurani akiwa mtoto. Anachotaka ni samansi ifike.

Alikuwa barazani anasuka ukili, vidole haviangaliwi. "Mwanangu," akaniuliza, "hao wanaokupeni pesa, hawana mtu wa kwenda kunikamatia mume wangu?" Nikacheka, na yeye akacheka, kisha tukanyamaza wote wawili.

Mfadhili anataka stori ya mafanikio yenye picha. Mama picha akaikataa: mume akiiona huko aliko atasema katangazwa, na hapo ndipo hatorudi tena. Maneno ya haki kabisa. Lakini fomu ina visanduku viwili tu, "picha ipo" na "picha itafuata". Cha "amekataa" hakipo. Nikatia alama itafuata, na nafsi inanisuta mpaka sasa.

Saa 6 na kitu, kurudi. Maji yamekupwa, nimevuka magoti majini na mafaili kichwani. Tulipofika ng'ambo nikamuomba mzee wa mtumbwi risiti.

"Risiti ya nini? Umevuka, hujavuka?"

"Nimevuka, baba. Ila ofisi inataka karatasi."

"Waambie waje wavuke wenyewe."

Nikamwandikia mimi: tarehe, safari, shilingi 2,000. Mzee kalamu haishiki, basi atie dole gumba. Kidau changu cha wino kimekauka kama kigae. Nikakitemea mate, wapi. Jua la utosini, abiria wanapiga kelele wanachelewa, mzee ananitazama kama mtoto anayelilia mwezi. Mwisho akainama kwenye kapu lake, akamminya ngisi, akachovya dole, akaligandamiza kwenye karatasi yangu. "Haya. Wino huo hauna mwenziwe."

Mchana wote ukaenda na hiyo karatasi. Nimeipiga picha nikaituma makao makuu Unguja, na mhasibu akapiga simu.

"Dada, hii risiti ina doa gani?"

"Si doa, ni dole. Wino wa ngisi."

Kimya.

"Mkaguzi ataniuliza, dada."

"Mwambie ni ngisi."

Simu ikakatika, ikarudi, ikakatika. Anataka jina kamili la mzee, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na barua ya sheha kuthibitisha kuwa Kojani ni kisiwa. Hili la mwisho nilidhani mzaha. Si mzaha. Gharama ikikataliwa tunairudisha sisi. Na simlaumu sana: nimewahi kuona orodha ya mahudhurio ya watu 40 kwa mwandiko mmoja, wote wamesaini, wote kalamu moja. Aliyeandika vile ndiye anayenihenyesha mimi leo.

Tena tunaogopa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wenzetu wa mtaa wa pili walibeba meza zao wiki ileile. Wateja wao wanakuja kwetu sasa, na mafaili yao hayakuja nao.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipotoka. Maghribi ilikuwa imeshaadhiniwa. Gari imejaa, nimesimama, sketi inanuka chumvi. Nimefika nimekuta watoto wameshakula muhogo wa nazi, wangu umefunikwa sahani. Nilikuwa nameza tonge la kwanza simu ikalia. Mhasibu: "Dada, risiti ya mtumbwi tarehe haisomeki, dole limeifunika."

Keshokutwa navuka tena Kojani. Kidau kipya cha wino kimo mkobani, na mzee nitampelekea tumbaku.