Siku Moja ya Fundi Sanifu wa Maabara, Temeke

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Rangi Tatu. Saa moja kasoro nafungua maabara ya fizikia, napanga voltimita na nyaya, napima betri. Watu hudhani kazi yangu ni kuosha chupa. Bila mimi jaribio halianzi.

Saa mbili hadi saa nne ni vipindi tu.

Saa tano akaingia mzazi, amekasirishwa na mchango wa vifaa. Ubaoni kulikuwa na mchoro wa muungano wa viini vya atomu, ile nguvu inayowasha jua.

"Fundi, wenzetu Marekani wameshatengeneza jua, nyie bado mnatuchangisha hela za balbu!"

Nikamwambia, mzee wangu, ni kweli, Desemba 2022 kwenye maabara ya Livermore, California, leza zilipiga kidonge cha haidrojeni kwa jouli milioni 2.05, ikatoka nishati ya jouli milioni 3.15. Ila leza zenyewe zilikula jouli milioni 300 hivi kutoka kwenye gridi.

"Kwa hiyo hasara!"

Si hasara, lile ni jaribio. Ili uuze umeme lazima upige vidonge mfululizo, kila sekunde, mchana na usiku. Simu yake ikaita, akapokea, akaongea weee, akarudi palepale: na wale wa Ufaransa je? Kidato cha nne wamejaa mlangoni, jasho linanitoka. Nikamjibu: ITER, mtambo wa majaribio unaojengwa huko, inalenga megawati 500 za joto kwa megawati 50 za kupashia plazma, yaani gesi ya moto mno ambamo viini huungana, lakini haitazalisha umeme. Kwa ratiba ya sasa, kuanza kutumia fueli ya dyuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za haidrojeni, ni mwaka 2039. Tritiamu ni adimu, itabidi kinu cha biashara kijitengenezee chenyewe kwa lithiamu iliyo kwenye ukuta wa kinu, na ukuta huohuo unachakazwa na nyutroni, chembe zinazorushwa viini vinapoungana.

"Basi na sisi tusubiri 2039."

Hapo nilipandisha sauti kidogo. 2039 mwanao ana miaka thelathini, nikamwambia. Nani atapima joto la ukuta ule kama leo hajashika hata voltimita?

Akasema ataleta mchango mwisho wa mwezi.

Praktikali ilichelewa, ikala muda wa chakula. Mchana sikumbuki vizuri, miguu ilikuwa inawaka moto. Wakati wa kukusanya nyaya binti mmoja akaniuliza, "Shikamoo fundi, huo ukuta unabadilishwaje ukishachakaa?" Kwa roboti, nikamwambia, maana binadamu hawezi kuusogelea kwa mionzi. Akataka kujua roboti zinaongozwaje. Tukakaa mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti.