Juisi ya tikiti na glasi ya mama mkwe

Mama mkwe hakwambii usoni kwamba kitu chako kibaya. Mke akikerwa atasema, mtoto akikerwa atalia, lakini mama mkwe atasema "Ahsante baba, tamu," kisha ataisogeza glasi pembeni ya mkeka na hataigusa tena mpaka vyombo vinaondolewa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu Makorora, Ramadhani ya mwaka 2025. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki mbili kabla ya mfungo, na mama yake akaja kutoka Pangani kumwangalia mpaka arobaini itimie. Jiko lote akalishika yeye: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, magimbi. Mimi nilikuwa nikirudi kazini alasiri sina la kufanya zaidi ya kulalamikia joto, kwa hiyo nikajitolea kwenye vinywaji. Mfungo ule uliangukia mwanzoni mwa Machi, kaskazi haijamalizika, na wanaoijua Tanga wanaelewa: hata ukuta unatoka jasho. Nikasema nitawapa juisi ya tikiti. Kazi gani hiyo? Unakata, unasaga, unakunywa.

Tikiti la kwanza nililichagua kwa ukubwa. Nikalipasua, ndani lina rangi ya waridi iliyopauka na halina ladha. Nikatia vipande kwenye blenda pamoja na mbegu zake, nikaongeza glasi mbili za maji ili lisagike, nikaongeza sukari vijiko vinne kuficha aibu, nikaiwasha blenda nikaiacha ingurume huku nikitafuta glasi. Adhana ya Magharibi ilipoingia, jagi lilikuwa limejigawa matabaka matatu: povu juu kama la sabuni, katikati kitu chekundu kama pamba iliyolowa, chini maji matupu. Ulimini ilikuwa na chenga, na nyuma ya sukari ulikuja uchungu wa mbali.

"Tamu, baba," akasema mama mkwe. Glasi ikaenda pembeni ya mkeka.

Mke wangu, ambaye hakuwa amefunga na wala hakuwa na sababu ya kunistahi, alionja kijiko kimoja akauliza kama nimesafisha blenda.

Kesho yake nilipita Mgandini sokoni. Kuna mzee anayeuza matikiti aliyoyapanga chini kwenye turubai, na mimi miaka yote nimekuwa nikipita pale nikigonga tikiti kwa kidole kama daktari, nikitikisa kichwa, bila kujua ninasikiliza nini. Nadhani wengi wetu tunagonga hivyo hivyo, ili muuzaji asituone wageni. Siku hiyo nilimwamkia, nikachuchumaa, nikamwambia ukweli kwamba nimeaibika mbele ya mkwe.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akachukua tikiti moja akaligeuza.

"Angalia hapa. Mwanangu, wewe unatazama uso wa tikiti. Tazama tumbo."

Tumboni pana doa, pale lilipokuwa limelalia udongo shambani. Kama doa ni jeupe au kijani kilichofifia, limechumwa mapema. Kama ni la njano, njano iliyokolea kama siagi, limekaa kwenye mmea wake mpaka likashiba. Na tikiti si embe wala papai wala ndizi, kwamba utalinunua bichi ulifiche kwenye unga liive. Utamu wake ni ule liliotoka nao shambani, baada ya kuchumwa haliongezi. Nilikuwa silijui hili. Mwaka uliotangulia nililiweka moja juu ya kabati siku tano nikilisubiri.

Akanipa mawili ya ukubwa sawa, kila mkono moja, niyapime. Lililo zito ndilo lenye maji. Lile jepesi, akasema, huenda lina uwazi ndani au limeanza kukauka. Mlio nao upo, lakini kwake mlio ni shahidi wa mwisho, si wa kwanza: linalolia kavu na kali bado, linalolia kwa sauti nzito yenye mwangwi limeiva, na linalojibu butu kabisa, kama umegonga godoro, limepita wakati wake na nyama yake itakuwa imelegea. Ukubwa hauna neno. Yale madogo ya duara yenye kijani kiza, yanayoitwa Sugar Baby, yanaweza kuyashinda kwa utamu marefu yote yenye milia. Nikalipa elfu tatu nikachukua la wastani, zito, lenye doa la njano kabisa. Alijaribu pia kunipa nusu ya tikiti lililokatwa, limefunikwa nailoni, kwa bei ya kutupa. Hilo nililikataa. Tikiti likishakatwa na kukaa juani sina imani nalo, hata akiniuzia mzee mwenyewe.

Sasa jikoni. Nilibadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo itanibidi niseme lile ninaloamini lilileta tofauti kubwa zaidi: niliacha kutia maji. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za tikiti ni maji. Ukilitia mengine unayazimua maji kwa maji, halafu unalazimika kutia sukari kurudisha ulichokimwaga. Kama blenda inagoma kuanza, bonyeza vipande viwili vitatu chini kwa mwiko, kabla hujaiwasha, vitoe majimaji, itazunguka yenyewe. Na badala ya kutia barafu, ambayo nayo ni maji, nililiosha tikiti zima kwa maji na sabuni nikalilaza kwenye friji usiku kucha. Kuosha si umaridadi. Ganda limelala udongoni, limebebwa kwenye lori, limeshikwa na kila aliyegonga, na kisu kikipita kinaubeba uchafu huo mpaka ndani.

La pili ni mbegu. Nilipoiacha blenda ingurume, mbegu zilipasuka, na ule uchungu na zile chenga zilitoka humo. Sasa nazitoa zile nyeusi zinazoonekana, sihangaiki na zilizojificha, kisha nasaga kwa kushtua: washa, hesabu mpaka mbili, zima. Mara nne, tano. Nyama ya tikiti ni laini, haihitaji zaidi, na mbegu zinabaki nzima zikanaswa kwenye chujio. Vilevile povu linapungua, maana povu ni hewa uliyoichapa humo mwenyewe. Lililobaki naliengua kwa kijiko baada ya dakika kumi.

Kujigawa matabaka hakuzuiliki, na nilipoelewa sababu niliacha kukuhofia. Rangi nyekundu ya tikiti, inayoitwa laikopini, ni ileile iliyomo kwenye nyanya, na haiyeyuki kwenye maji. Imeshikamana na nyama. Nyama ikijitenga, rangi inaondoka nayo. Unakoroga tu kabla ya kumimina. Ukichuja sana kwa kitambaa unaondoa nyama yote, na rangi na ladha zinabaki kwenye kitambaa. Mimi natumia chujio la kawaida la waya, lile la tui, na silikandamizi.

Mwisho nakamulia ndimu: nusu kwa lita moja, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Tikiti halina ukali wa kutosha, utamu wake unalala, ndimu inauamsha. Nimejaribu tangawizi, inafaa, ila ikizidi unakunywa tangawizi yenye rangi. Maziwa ambayo jirani yangu hutia sina la kusema.

Tikiti la kilo nne hivi lilinipa jagi la lita mbili na kikombe juu. Mama mkwe alikunywa nusu glasi. "Leo tamu zaidi, baba." Nusu glasi! Nilikwenda Tarawehe nikiwa mwepesi.

Kisha ikaja aibu yangu ya pili. Baada ya siku kadhaa nilijiona fundi, nikatengeneza ya futari na ya daku kwa pamoja, nikaacha jagi la pili mezani limefunikwa sahani kwa kuwa friji ilikuwa imejaa. Saa kumi usiku lilikuwa linatoa vipovu vidogo pembeni na harufu ya kitu kinachoelekea kwenye togwa. Nikalimwaga kwenye sinki kabla hajaamka mtu. Hapa Tanga tuna ule msemo wa waja leo waondoka leo. Basi juisi ya tikiti ni ya papo hapo. Kwenye friji, imefunikwa, inavumilia mpaka kesho yake na ladha imepungua. Inayobaki naigandisha kwenye vibati vya barafu, na mabonge yake ndiyo natia kwenye jagi la siku nyingine: inapoa bila kuzimuliwa.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani umeme ulipokatika kama saa kumi na moja jioni. Tikiti limeshakatwa, liko kwenye bakuli, blenda imenyamaza. Nikasimama mlangoni mwa jiko nikitazama balbu kama vile kuitazama kungeiwasha. Mama mkwe alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Baba, nipe hicho kifumbu."

Kifumbu chake cha ukindu, kile kimfuko cha kusukwa cha kukamulia tui, alichokuja nacho kutoka Pangani kwa sababu haamini machujio ya dukani. Alikuwa bado hajakitia nazi siku hiyo. Akakisuuza kwa maji ya moto, akajaza vipande vya tikiti, akakikunja mdomo na kuanza kukinyonga juu ya bakuli, kwa mikono iliyonyonga nazi miaka hamsini. Juisi ilishuka nyekundu, nzito, bila povu hata tone. Hakuna mbegu iliyovunjika. Kwa mikono utaivunjaje? Akageuza kifumbu, akatoa makapi na mbegu zote kwa mpigo mmoja, akajaza tena. Robo saa, jagi limejaa.

Nilionja baada ya adhana. Kulikuwa na harufu ya tui kwa mbali sana, na nitasema kitu ambacho wenye blenda watanipinga: ile harufu ilifaa.

"Mama," nikamuuliza, "kumbe ulikuwa unajua muda wote?"

"Kujua nini, baba? Wewe ulitaka kutengeneza, tukakuacha utengeneze."

Mke wangu aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Arobaini ilipokwisha nilimpeleka stendi na mfuko wa machungwa ya Muheza kwa ajili ya wajukuu wengine. Kifumbu alikiacha. Blenda bado naitumia siku za haraka, lakini wageni wakija nanyonga kwa mkono, na mikono yangu inachukua nusu saa pale yake ilipochukua robo.

Juzi alinipigia simu asubuhi. Nikadhani kuna tatizo.

"Hapana baba, niko gengeni. Hili tikiti doa lake jeupe. Ni lile ulilosema?"

Nikamwambia aliache.